Nyumba Zinazotitia: Majibu kwa Wanaoziba Nyufa Kamina

Mvua zikikatika mwezi wa Aprili, watu wa Kamina huanza kutazama kuta zao. Kufika Mei barua zimejaa: ufa umetoka kwenye kona ya dirisha, mlango haufungi tena, sakafu ya sebule imeshuka hata kiti kinacheza. Nimezisoma zote. Sitawajibu wanaouliza kama msingi ni lazima, wala wale wanaotaka kujua simenti ya mfuko wa rangi gani ina nguvu. Nimechagua maswali yanayonikera na machache yanayonitia hofu, na yale yanayofanana nimeyatia kapu moja.

Fundi ameziba ufa mara tatu kwa simenti tupu, nao unarudi palepale. Je, simenti ya siku hizi imechakachuliwa? (Mama mwenye duka, Dimayi; na wengine wengi kupita kiasi)

Mama, simenti haina kosa, na fundi wako ameshakula pesa mara tatu.

Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta imewaponza wenye nyumba wa mji huu. Mafundi wameigeuza kuwa kibali cha kazi: ufa ukionekana, wanakoroga simenti, wanapaka, wanapokea chao na kuaga. Lakini ufa wa ukutani ni taarifa ya jambo lililokwisha kutokea chini. Ukuta wa matofali ya kuchoma haujui kupinda. Kipande kimoja cha msingi kikishuka sentimita moja au mbili huku cha pili kimebaki, ukuta unakatika mahali palipo dhaifu, na mara nyingi ni kwenye kona ya dirisha au juu ya mlango. Ukijaza pale simenti tupu umepachika kitu kigumu katikati ya vipande viwili ambavyo bado vinaachana. Ama kitang'oka, ama ukuta utapasuka pembeni yake, na fundi atarudi na mwiko wake akicheka.

Sasa, kwa nini upande mmoja ushuke? Hapo ndipo watu huanza kunitajia uzito, kana kwamba nyumba ya vyumba vitatu ni ghorofa. Nyumba ya chini ya matofali na mabati si mzigo kwa udongo mzuri. Kinachobadilika ni maji. Udongo mwekundu wa uwanda wetu una matundu madogo mengi kati ya chembe zake. Wakati wa kiangazi chembe hizo zimeshikana, jembe linalia, na kila mtu anaapa kwamba amejenga juu ya mwamba. Udongo huohuo ukilowa mpaka chini ya msingi, mshikamano unalegea na matundu yanajifunga, kama mkate uliochovywa kwenye chai. Nyumba haijaongezeka hata kilo moja, lakini inashuka.

Na maji hayo yanatoka wapi? Watu wananijibu: kwa Mungu. Hapana, yanatoka kwenye paa lako mwenyewe. Tufanye hesabu, maana bila hesabu mtu haamini. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita 8 kwa 10 ni mita za mraba 80. Mvua moja kubwa ya milimita 50 inamwaga juu ya paa hilo lita 4,000, yaani mapipa 20 ya lita 200. Ukiwa huna mifereji ya paa, na nyumba nyingi hapa hazina, mapipa hayo 20 yanadondokea kwenye mistari miwili myembamba, hatua moja tu kutoka ukutani, juu kabisa ya mahali msingi ulipolala. Mvua ya mwaka mzima huku hupita milimita 1,000. Paa lilelile linamwaga zaidi ya lita 80,000 kwa mwaka. Kama paa limeinamia upande mmoja, ukuta mmoja unapokea zote. Zunguka mtaani kwenu uangalie nyufa zimekaa upande gani wa nyumba, halafu inua macho uangalie paa limeinamia wapi.

Kwa hiyo utaratibu ni huu, na sitaki kuurudia mwaka ujao. Weka mifereji ya paa. Hata bati lililokunjwa na fundi bati wa sokoni linatosha. Peleka maji mita tatu au zaidi mbali na ukuta, yakielekea chini, si kwa jirani. Inua ardhi kuzunguka nyumba kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, uteremke sentimita 5 kwa kila mita, kwa upana wa mita moja na nusu. Ondoa bustani ya mboga unayoimwagilia kando ya ukuta. Kisha subiri msimu mzima wa mvua upite. Ufa usipoongezeka, uzibe kwa mchanganyiko dhaifu, simenti moja kwa mchanga sita, ukiwa umechokonoa vumbi na kulowesha matofali. Ukiongezeka, soma majibu yanayofuata kabla hujamwita mtu.

Shemeji yangu alilala kwetu usiku mmoja, asubuhi ukuta ukaonekana umepasuka toka juu hadi chini. Tumwite nani? (Baba wa familia, hakutaja mtaa)

Usimwite mtu. Zunguka nyuma ukague foseptiki, yaani shimo la choo: maji yake yakivuja chini ya msingi, ukuta unakatika.

Sakafu ya sebule imeshuka katikati, lakini kuta ni nzima. Je, msingi umekufa? (barua kadhaa kutoka Sobongo na Dimayi, moja kutoka Bukama)

Hapana, na nashukuru kwamba kuna watu wanaotazama kuta kabla ya kulia. Sakafu na msingi ni vitu viwili. Kuta zinakaa juu ya msingi uliochimbwa. Sakafu inakaa juu ya kifusi kilichojazwa ndani baada ya kuta kupanda. Kifusi hicho, kwa desturi mbaya ya mafundi wetu, ni udongo uliotoka kwenye mtaro wa msingi, vipande vya matofali, majani, wakati mwingine na mifuko ya simenti, vyote vimemwagwa kwa mara moja na kukanyagwa na watoto. Juu yake wanamwaga zege la sentimita 5 na kulisugua mpaka ling'ae. Miaka miwili mitatu baadaye kifusi kimejishindilia chenyewe, zege limebaki juu ya uwazi, na siku mnapoingiza kabati au friji linakatika.

Gonga sakafu kwa mpini wa jembe, hatua kwa hatua. Palipojaa panajibu kwa mlio mfupi. Palipo wazi panavuma. Chora mpaka wa mvumo kwa chaki. Kama ni sehemu ndogo na zege halijavunjika vipandevipande, toboa matundu ya upana wa sentimita 3 au 4, umbali wa nusu mita hivi, umimine uji wa simenti na mchanga laini, simenti moja kwa mchanga tatu au nne, mpaka utokeze kwenye tundu la jirani. Elewa vizuri: uji unaomiminwa kwa mkono unajaza uwazi, hauinui sakafu. Bonde litabaki, utalisawazisha kwa tabaka jembamba juu.

Kama zege limevunjika, livunje lote. Toa kifusi mpaka ufikie udongo ambao haujawahi kuchimbwa. Rudisha udongo safi, bila majani na bila udongo mweusi wa juu, kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ukilishindilia kabla ya kuleta lingine. Unyevu wake ujulikane kwa kiganja: finya donge, likishikana na ukiliangusha likapasuka vipande vichache, ni sawa, likigeuka vumbi ongeza maji, likibaki kama tope anika. Juu weka mawe ya sentimita 15, plastiki, kisha zege la sentimita 10 la simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne. Chumba cha mita 4 kwa 4 kinakula mifuko kama 10. Fundi akikwambia mitano inatosha, mwulize sakafu yake nyumbani ikoje.

Maji ya zege yasipite lita 25 hivi kwa mfuko wa kilo 50, na sakafu ilowe siku 7. Mafundi wanapenda zege la maji kwa sababu linasambaa lenyewe.

Kijana mmoja anapita na kriki za lori, anasema atainua kona ya nyumba iliyoshuka irudi mahali pake. Tumwamini? (Papa mstaafu wa reli)

Papa, mfukuze kwa heshima.

Kuinua kilichoshuka ni kazi halisi. Wamarekani walianza kusukuma tope la simenti kwa pampu chini ya barabara na sakafu za zege tangu miaka ya 1930. Wafini nao, kampuni ya Uretek ilipoanzishwa 1975, walileta povu la kemikali linalovimba chini ya zege na kulisukuma juu. Vyote viwili vinahitaji mashine, vipimo vya milimita na watu waliofunzwa, na vinafaa zaidi kwa zege la kipande kimoja. Ukuta wa matofali yaliyounganishwa kwa udongo ukiusukuma kwa kriki mahali pamoja, utapanda mahali pale tu na kupasuka kila mahali pengine. Kona yako iliyoshuka sentimita 3 inaweza kukaa imeshuka miaka 50 bila kumdhuru mtu, mradi isiendelee. Kazi yetu ni kuizuia isishuke tena. Kuirudisha ilikokuwa ni fahari tu.

Nitajuaje kama nyumba bado inashuka au imeshatulia?

Hili ndilo swali la mtu mwenye akili, na limeulizwa na mtu mmoja tu, mwanafunzi.

Pigilia misumari miwili midogo, mmoja kila upande wa ufa, pale ulipo mpana zaidi. Pima umbali kati yake kwa rula nzuri siku ya kwanza ya kila mwezi, uandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Fanya hivyo kiangazi kizima na mvua nzima. Ufa unaofunguka na kufunga kidogo kufuata msimu si wa kutisha. Ufa unaokwenda upande mmoja tu, mwezi baada ya mwezi, huo una jambo. Na utazame umbo: ufa mpana juu na mwembamba chini unasema kona imeshuka, mpana chini na mwembamba juu unasema katikati ya ukuta ndipo pameshuka. Upana chini ya milimita 5 ni kero. Ukipita 15, milango imeshaanza kukwama na unahitaji fundi anayejua misingi. Ukipita 25, toa watoto chumba hicho walale kwingine mpaka ukuta ushikiliwe.

Kuhusu muda: mchanga unashuka haraka, karibu yote wakati wa kujenga. Mfinyanzi uliojaa maji unashuka polepole kwa miaka, kwa sababu maji lazima yajikamue kupita kwenye vijitundu visivyoonekana. Mhandisi Karl Terzaghi alilieleza hilo kwa hesabu mwaka 1925 na wahandisi bado wanatumia hesabu yake. Kwa hiyo nyumba iliyojengwa kandokando ya dembo, bonde la majimaji, kwenye ule udongo wa kijivu, isitarajiwe kutulia mwaka wa kwanza.

Mchwa wanakula msingi wetu. Tumemwaga mafuta machafu ya gari, tumemwaga chumvi, tumemtoa malkia, na bado nyumba inapasuka. (barua nyingi)

Mchwa hawali simenti wala tofali. Wanakula miti ya paa lako na fremu za milango, na hilo ni tatizo lingine. Mafuta machafu yanachafua kisima cha jirani. Chumvi inaharibu zege na kutia kutu nondo. Hakuna kati ya hivyo kinachoshikilia nyumba.

Tatizo lenu ni kichuguu chenyewe. Vichuguu vikubwa vya Katanga, vile mnavyoviona ukienda upande wa Lubumbashi, vinaweza kufika mita 8 kwenda juu na zaidi ya mita 10 upana chini. Mtu akinunua parseli yenye kimoja, anakisawazisha, udongo wake unachomwa matofali, na nyumba inapangwa bila kujali kilikuwa wapi. Matokeo yake nusu ya msingi inakaa juu ya kitako cha kichuguu, udongo wa mfinyanzi mgumu, na nusu ya pili juu ya udongo wa kawaida unaolegea ukilowa. Nusu ya pili inashuka, ya kwanza haishuki, na ukuta unakatika mpakani. Au kinyume chake: ndani ya kitako kulibaki vyumba na njia za mchwa, nazo zikabomoka baada ya koloni kufa. Kumtoa malkia kunaharakisha jambo hilo, kwa kuwa hakuna tena mchwa wa kukarabati njia.

Kabla ya kujenga, jua duara la kichuguu liliishia wapi. Nyumba yote iwe nje, au msingi wote uchimbwe kuvuka vyumba vya mchwa mpaka udongo mzima, na juu ya msingi pawe na mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka nyumba nzima bila kukatika. Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, soma jibu la kushikilia msingi hapa chini.

Tumenunua parseli kwa bei nzuri. Sasa nyumba inatitia upande mzima, na tulipochimba tukakuta mifuko ya plastiki. (barua tano, zote zinasema jambo lilelile)

Hizi ndizo zinazonitia hofu, na nawajibu pamoja.

Mmenunua shimo la matofali. Mji wetu unajengwa kwa matofali ya kuchoma, na kila nyumba unayoiona imeacha shimo mahali fulani. Shimo likijaa maji wakati wa mvua, watu wanalitupia taka ili lijae. Likijaa, mtu anamwaga juu yake udongo mwekundu mzuri, anapanda mihogo msimu mmoja, kisha anauza. Taka zinaoza kwa miaka. Kinachooza kinapungua, na kilichojengwa juu kinafuata. Hakuna simenti, mkanda wala dawa itakayozuia hilo. Wapo wanaouza unga wa "kukausha udongo" kwa kikombe. Ni chokaa, na kwa kikombe chokaa haifanyi lolote.

Kwa nyumba ambayo bado ni nyepesi na msingi wake mfupi, mara nyingine yawezekana kuchimba nguzo za zege kupita taka mpaka udongo mzima na kuikalisha nyumba juu yake. Shimo likiwa la mita 3 au 4 za taka, gharama inakaribia ya kujenga upya, na kuchimba kwenyewe kunaua watu, kwa sababu kuta za taka hazisimami. Nawaambieni bila kuzungusha: wawili kati yenu, kwa mlivyoeleza, mbomoe, mwokoe matofali na mabati, mjenge upande wa pili wa parseli. Inauma, lakini matofali yaliyookolewa ni pesa, na ukuta ulioanguka usiku si pesa.

Kwa wanaotaka kununua: chukua fimbo ya nondo ya mita moja na nusu, ipigilie mahali kumi na zaidi. Ikizama kwa urahisi mahali pamoja na kugoma pengine, chimba shimo la kupima hadi mita 2. Muulize mzee wa mtaa, si muuzaji, matofali ya nyumba za jirani yalichomwa wapi. Wanajua. Hawasemi kwa sababu hakuna anayewauliza. Ofisi zinazogawa viwanja nazo zingeweza kuweka alama kwenye ramani palipo na mashimo. Sijaona ramani ya namna hiyo.

Fundi anataka kuchimba chini ya msingi upande wote wa mashariki ili aweke zege jipya. Ni sawa? (Mama mjane)

Mama, mzuie leo. Akichimba upande wote kwa pamoja, ukuta utamlalia yeye na vibarua wake.

Kushikilia msingi kutoka chini kunafanywa kwa vipande. Ugawe ukuta kwa vipande vya mita moja, au sentimita 80 kama matofali yameunganishwa kwa udongo. Viandike kwa chaki: 1, 2, 3, kisha tena 1, 2, 3, mpaka mwisho. Chimba chini ya namba 1 tu, vyote vingine vikiwa vimekalia udongo wao. Teremka mpaka udongo mgumu usiowahi kuguswa, upana sentimita 60. Mwaga zege, lakini usilifikishe mpaka chini ya msingi wa zamani: acha nafasi ya sentimita 5 hadi 7. Zege linanywea linapokauka, na ukiligusisha likiwa bichi litajitenga na msingi, uwe umechimba bure. Zege likishakaza siku mbili tatu, jaza nafasi ile kwa mchanganyiko mkavu, simenti moja kwa mchanga tatu, wenye unyevu wa kushikana tu kiganjani, ukiupiga kwa kipande cha mbao na nyundo mpaka ugome. Baada ya hapo ndipo unagusa namba 2.

Kazi hii ni ya kiangazi, Mei hadi Septemba. Kabla ya kuanza, beba paa kwa miti ili ukuta upunguziwe mzigo. Mtaro ukipita mita 1.2 kwenda chini, uwekwe mbao za kuzuia kingo, hata udongo uonekane mgumu namna gani. Na mvua ikinyesha ghafla, kila mtu atoke.

Fundi asiyejua kwa nini tunaacha sentimita 5, usimpe kazi hiyo.

Kwa nini nyumba za Wabelgiji za kambi ya reli zinasimama, na zetu zinapasuka? Wao walikuwa na simenti gani?

Walikuwa na mfereji.

Nitaongeza kidogo, kwa kuwa swali hili linakuja kila mwaka na ndani yake mna dharau ya mtu kwa kazi yake mwenyewe. Reli ya BCK ilipita hapa ikielekea Port-Francqui, Ilebo ya leo, ilikofika 1928, na mwaka 1956 njia ya Kabalo ikaungana nayo hapahapa Kamina. Waliojenga kambi walikuwa watu wa reli, na mtu wa reli anajua tuta lisilo na mtaro linakufa. Nyumba nyingi za aina ile zina barza inayosukuma maji mbali na ukuta, sakafu iliyoinuliwa, na mfereji wa zege mbele. Ujuzi ndio huo wote. Nyingine zilishaanguka na hamzioni tena, kwa hiyo msizihesabu zilizobaki tu. Na zile ambazo mfereji wake umejaa taka sasa zina nyufa sawa na zenu. Anayetupa maganda ya muhogo mferejini anaangusha nyumba ya mwenzake wa chini.

Mwalimu wetu alisema kuna mnara Italia umeinama miaka mia nane na hauanguki. Kwa hiyo kuinama si hatari? (wanafunzi wa sekondari)

Mwalimu angemalizia hadithi. Mnara wa Pisa ulianza kujengwa 1173, na ulianza kuinama wakati ujenzi bado unaendelea, kwa sababu udongo wa upande wa kusini ni laini zaidi. Kufikia Januari 1990 hali ilikuwa mbaya hata wakaufunga kwa wageni. Kamati iliyoongozwa na Michele Jamiolkowski ilihangaika nao zaidi ya miaka kumi. Walichokifanya mwisho ndicho ninachotaka mkijue: walitoa udongo, kidogokidogo, kutoka chini ya upande wa kaskazini ulioinuka, mnara ukarudi nyuma wenyewe nusu digrii hivi. Ulifunguliwa tena Desemba 2001. Dawa ilikuwa udongoni, si kwenye marumaru. Nyumba yenu haina kamati ya maprofesa, kwa hiyo ikiinama msiipige picha, tokeni ndani.

Mti wa parachichi ulio karibu na ukuta tuukate?

Kama uko mita 5 au zaidi, uacheni uzae.

Korongo limefika mita 10 kutoka jikoni. Mafundi wanashauri ukuta wa mawe. (watu watatu wa mtaa mmoja)

Ukuta wa mawe mbele ya korongo unaliwa na korongo. Maji yanachimba chini yake na kuutupa shimoni, na mawe yenu pamoja nao.

Msidhani ni mkosi wa mtaa wenu. Utafiti uliochapishwa 2025 kwenye jarida la Nature ulihesabu makorongo ya mijini 2,922 katika miji 26 ya Kongo, na watu zaidi ya laki moja waliopoteza makao kwa sababu hiyo kati ya 2004 na 2023. Sababu ni ileile ya paa, ila imekuzwa: mapaa yote ya mtaa na barabara yote vinamwaga maji kwenye njia moja isiyo na mfereji. Mwenye nyumba mmoja hawezi kulizuia. Mtaa wote, kuanzia juu kabisa, ukichimba mashimo ya kupokea maji ya paa kila parseli, ukapanda matete na mianzi kwenye kingo, na ukaidai mamlaka mfereji wa zege unaofika bondeni, korongo linaweza kutulia. Mpaka hapo, hamisheni jiko sasa, na msilale vyumba vya upande huo mvua zikianza.

Nataka kuiuza nyumba yangu. Nikipiga plasta mpya na rangi, mnunuzi ataona? (ameomba nisimtaje)

Hataona mwezi wa Agosti. Ataona Novemba, mvua zikishalowesha msingi, na wakati huo atakuwa na hati yenye jina lako na majirani walioona ukipiga plasta. Mwonyeshe ufa, mpe daftari la vipimo vya misumari, mpunguzie bei. Nyumba yenye ufa uliopimwa mwaka mzima bila kusogea inauzika. Iliyopakwa rangi juu ya ufa inaishia mahakamani.

Barua za mwezi ujao zije na vipimo. Asiyepima, nitamrudisha kwenye jibu la kwanza.